Kumfikia Kijana Kabla ya Gereza: Maisha ya Mtakatifu Yohane Bosco

Kila tarehe 31 Januari Mama Kanisa huadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Yohane Bosco, padre wa Italia ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa jina la Don Bosco. Neno Don ni heshima ambayo Waitalia humpa padre. Picha yake tumeizoea: padre mwenye kanzu nyeusi, anatabasamu, amezungukwa na watoto. Ni picha nzuri, lakini inaweza kutupotosha. Inatufanya tudhani kwamba watoto wale walikuwa wapole na wenye adabu tangu walipozaliwa. Sivyo. Wengi wao walikuwa watoto ambao watu wa mji waliwakwepa barabarani. Na wazo la kuwakusanya Don Bosco hakulipata kanisani wala darasani. Alilipata gerezani.

Katika makala hii tunapenda kuyapitia maisha yake tukiwa na swali moja: padre huyu alifanya nini ili mvulana wa miaka kumi na miwili au kumi na minne, aliye karibu kuharibikiwa, asiharibikiwe? Tunaliuliza kwa sababu linatugusa. Sisi waseminari tutapelekwa kwenye shule na parokia zenye watoto wa umri huo. Na ninyi wazazi mnaotusoma mnaujua usiku ule ambao mtoto hajarudi nyumbani na hakuna anayejua yuko na nani.

Mtoto wa mjane

Yohane alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, karibu na Castelnuovo, mkoa wa Piemonte, kaskazini mwa Italia ya leo. Baba yake, Francesco, alikuwa mkulima. Alifariki kwa nimonia mwaka 1817, Yohane akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita Occhiena, akabaki na mama mkwe mgonjwa pamoja na watoto watatu: Antonio, aliyezaliwa na mke wa kwanza wa Francesco, kisha Giuseppe na Yohane. Ulikuwa mwaka wa njaa. Margherita alipata posa ya mtu mwenye uwezo, lakini kwa sharti kwamba watoto walelewe na mtu mwingine. Akakataa.

Mama huyu hakujua kusoma wala kuandika, lakini ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa malezi kwa mwanawe. Husimuliwa kwamba kwenye pembe ya chumba chao palikuwa na fimbo. Watoto waliiona kila siku, lakini mama hakuitumia. Siku moja, mama akiwa sokoni, Yohane alipanda kufikia kitu kilichokuwa juu, akaangusha chombo cha mafuta kikavunjika. Kwa familia maskini hiyo ilikuwa hasara kubwa. Alichofanya ni kukata fimbo kwenye uzio, akaichonga vizuri, akaenda kumpokea mama njiani na kumkabidhi fimbo hiyo pamoja na habari ya kosa lake. Mama alicheka, akamsamehe, kisha akamweleza kwa utulivu kwamba mtu hufikiri kwanza ndipo atende. Tuone jambo moja hapo: mtoto hakuficha kosa. Alikuwa na hakika kwamba kwa mama yake ukweli hautamwangamiza. Mtoto akikosa hakika hiyo, hujifunza kusema uongo mapema sana.

Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi aliota ndoto ambayo hakuisahau maisha yake yote. Aliona kundi la watoto wakicheza, wengine wakitukana na kukufuru. Akawarukia kwa ngumi ili awanyamazishe. Mtu mmoja mwenye hadhi kubwa akamzuia, akamweleza kwamba watoto hao atawapata kwa upole na mapendo, si kwa mapigo. Kisha akamwona Bibi mmoja mtukufu, na mahali pa wale watoto wakaonekana wanyama wakali, ambao baadaye waligeuka kuwa wanakondoo. Asubuhi aliwasimulia nyumbani. Giuseppe akabashiri kwamba atakuwa mchungaji wa mifugo, mama akawaza kwamba labda atakuwa padre, Antonio akasema atakuwa mkuu wa majambazi, na bibi yao akaonya kwamba ndoto si za kuaminiwa.

Yohane alianza na alichokuwa nacho. Alijifunza sarakasi na viini macho kwa kuwatazama watu wa maonyesho sokoni. Siku za Jumapili aliwakusanya watoto na watu wazima wa kijiji, akatembea juu ya kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, akawafurahisha. Kiingilio kilikuwa sala: kabla ya mchezo walisali rozari na yeye aliwarudia mahubiri aliyoyasikia kanisani asubuhi. Asiyetaka kusali hakuona mchezo.

Yeye mwenyewe alikuwa hatarini

Jambo ambalo tunalisahau ni kwamba Don Bosco mwenyewe alikuwa kijana wa hatarini. Antonio, aliyebeba kazi nzito ya shamba, hakupenda kuona mdogo wake akishika vitabu. Ugomvi ukawa mkali kiasi kwamba mwezi Februari 1828 Margherita alilazimika kumtoa Yohane nyumbani ili kuwe na amani. Akiwa na umri wa miaka kumi na miwili na nusu, hana baba, hana shule, alikwenda kutafuta kazi, akapokelewa katika shamba la familia ya Moglia. Alichunga ng'ombe huko kwa karibu miaka miwili.

Mwaka 1829 alikutana njiani na padre mzee, Giovanni Calosso, wote wakitoka kusikiliza mahubiri ya misioni. Padre alimwuliza alichokumbuka, na mvulana akamrudia mahubiri karibu yote. Mzee yule akajitolea kumfundisha. Kwa mara ya kwanza Yohane alikuwa na mtu mzima ambaye angeweza kumweleza kila kitu kilichokuwa moyoni mwake. Mwezi Novemba 1830 Padre Calosso alifariki ghafla, na Yohane alilia kama mtu aliyefiwa na baba kwa mara ya pili. Alijua tangu hapo, kwa kuonja mwenyewe, maana ya kijana kuwa na mtu mzima mmoja wa kumtegemea, na maana ya kumkosa.

Mwaka 1831 alikwenda kusoma katika mji wa Chieri. Alijilipia kwa kazi za mikono: alishona nguo, alifanya kazi mkahawani, alijifunza useremala. Ujuzi huo wote ungemfaa baadaye. Huko aliunda chama cha wanafunzi wenzake alichokiita Chama cha Furaha. Masharti yake yalikuwa machache: kuepuka neno au tendo lisilomfaa Mkristo, kutimiza wajibu wa masomo na wa dini, na kuwa mchangamfu. Wavulana walivutwa na michezo, na humo ndani ya michezo wakalindana. Tayari alikuwa ametambua kwamba kijana wa umri huo husikiliza rika lake kuliko mtu mwingine yeyote. Basi ni heri rika lenyewe liwe jema.

Mwaka 1835 aliingia seminari ya Chieri. Hapa sisi waseminari tusome kwa makini. Alipokumbuka miaka ile sita, aliwaheshimu walezi wake, lakini kulikuwa na jambo moja lililomuumiza: walikuwa mbali. Mseminari alikwenda kumsalimu gombera alipofika mwanzo wa mwaka na alipoondoka mwisho wa mwaka. Mlezi akitokea uwanjani, wanafunzi walitawanyika. Hata alipokuwa mtoto kijijini, alisikitika kuona mapadre wakiitikia salamu yake kwa heshima baridi na kupita zao. Alimwambia mama yake kwamba yeye akiwa padre atawakaribia watoto na kuzungumza nao. Alipadrishwa mjini Torino tarehe 5 Juni 1841, na ahadi hiyo ilikuwa bado moyoni.

Mlango wa gereza

Padre mpya alikuwa na nafasi tatu za kazi mbele yake, mojawapo ya kuwa mwalimu katika familia ya kitajiri kwa mshahara mzuri. Alimwomba shauri mlezi wake wa kiroho, Padre Giuseppe Cafasso, ambaye leo naye ni mtakatifu. Huyu alimshauri aache zote tatu, aje kwanza Torino katika nyumba ya malezi ya mapadre vijana. Padre Cafasso alikuwa mtume wa wafungwa, na hakuchelewa kumpeleka mwanafunzi wake magerezani.

Torino ilikuwa inapanuka kwa kasi. Vijana waliteremka kutoka milimani na vijijini kutafuta vibarua: wasaidizi wa waashi, wasafishaji wa mabomba ya moshi, watumwaji wa madukani. Walilala popote. Jumapili hawakuwa na kazi, hawakuwa na shule, na hawakuwa na parokia inayowafahamu. Gerezani Don Bosco aliwakuta wavulana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minane, wenye afya na akili nzuri, wakiliwa na wadudu, wakikaa bure mchana kutwa pamoja na wahalifu wazoefu. Alitoka amefadhaika.

Lakini kilichomtikisa zaidi ni kuona sura zile zile zikirudi. Kijana alitoka ameazimia kwa dhati kubadilika, na baada ya muda mfupi alikuwa ndani tena. Don Bosco alichunguza sababu, akaona kwamba wengi walirudi kwa kuwa huko nje waliachwa peke yao. Hakukuwa na mtu. Akajiuliza: je, vijana hawa wangekuwa na rafiki huko nje, wa kuwatazama, wa kukaa nao siku za sikukuu na kuwafundisha dini, si wangeepuka kurudi? Kazi yake yote ya miaka arobaini na zaidi iliyofuata ni jibu la swali hilo moja.

Tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa, alikuwa anajiandaa kuadhimisha Misa katika kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kijana mmoja mgeni alikuwa ameingia sakristia. Msakristia alimtaka atumikie Misa. Kijana aliposema hajui, msakristia alimpiga kwa fimbo ya kufutia vumbi na kumfukuza. Don Bosco alisikia. Akamwambia msakristia amwite kijana yule mara moja, kwa sababu ni rafiki yake. Hakuwa amewahi kumwona. Baada ya Misa waliongea. Aliitwa Bartolomeo Garelli, mwashi, umri miaka kumi na sita, yatima wa baba na mama. Hakujua kusoma, hakujua kuimba, hakuwa amepokea Komunyo ya Kwanza. Husimuliwa kwamba padre alimwuliza kama anajua kupiga mluzi, na hapo kijana akatabasamu. Walisali Salamu Maria, wakaanza katekesi. Jumapili iliyofuata kijana alirudi na wenzake.

Tukumbuke kwamba asubuhi ile, katika sakristia moja, kijana mmoja alipokelewa mara mbili. Msakristia alimpokea kwa fimbo, padre akampokea kwa jina la rafiki. Kama Don Bosco asingekuwapo, Garelli angeondoka na kumbukumbu ya fimbo tu.

Kundi lisilotakiwa

Mkusanyiko huo wa Jumapili uliitwa Oratorio, yaani mahali pa sala. Lakini palikuwa pia mahali pa michezo, nyimbo, matembezi na masomo. Kutoka vijana wachache walifika mamia, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Hakuna aliyetaka makelele yao. Walihamishwa kutoka mahali hadi mahali, hata wakabaki kukutana kwenye shamba tupu, padre akisikiliza maungamo akiwa ameketi juu ya tuta. Marchesa Barolo, mama mkarimu aliyemlipa Don Bosco mshahara kwa huduma katika taasisi zake za wasichana, alimtaka achague kati ya kazi hiyo na wavulana wake. Akachagua wavulana, kwa hoja kwamba kazi ya Marchesa itapata mapadre wengine, bali vijana hawa hawana mwingine. Serikali ya mji iliona mkusanyiko wa vijana wa mitaani kuwa tishio la fujo, ikatuma askari kuwachunga. Hata mapadre wenzake walifikiri amerukwa na akili.

Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, walipata makao: banda la chini la mtu aitwaye Pinardi katika eneo la Valdocco. Miezi mitatu baadaye Don Bosco aliugua akawa mahututi. Vijana walikesha wakisali, na wengine walifunga huku wakibeba mawe na chokaa kwenye majengo. Akapona. Alipokwenda Becchi kupumzika alimwomba mama yake aje kuwa mama wa vijana wasio na mama. Tarehe 3 Novemba 1846 Margherita, mwenye umri wa miaka 58, aliiacha nyumba yake na wajukuu zake, akatembea kwa miguu pamoja na mwanawe hadi Torino.

Mwanzo wa kuwalaza vijana nyumbani haukuwa wa kuvutia. Kundi la kwanza walilolihifadhi lilitoroka alfajiri na mashuka na mablanketi. Mwezi Mei 1847, usiku wa mvua, akabisha hodi yatima mwingine, mwashi, amelowa, hana senti. Margherita alimlisha, akamkaushia nguo. Walimtandikia kitanda jikoni. Kabla hajalala, mama alimsemesha maneno machache juu ya kazi, uaminifu na dini, wakasali pamoja. Kisha wakaufunga mlango wa jikoni kwa ufunguo hadi asubuhi, maana sufuria zilikuwa humo. Tunapenda jambo hili lisimuliwe lilivyo. Upendo wao haukuwa wa kijinga. Walimwamini kijana na wakamwondolea kishawishi kwa wakati mmoja. Maneno yale machache ya Margherita kabla ya kulala yamebaki kuwa desturi katika nyumba za Wasalesiani hadi leo.

Wala kazi hiyo haikuwa nyepesi kwa mama. Siku moja, vijana walipokuwa wameikanyaga bustani yake ya mboga kwa mchezo wa vita, alimwambia mwanawe kwamba amechoka na anataka kurudi Becchi. Don Bosco hakubishana. Alimwonyesha tu msalaba uliotundikwa ukutani. Mama akaelewa, akabaki, akafa hapo Valdocco mwaka 1856. Wazazi na walimu waliochoka watamwelewa mama huyu.

Kinga kabla ya kosa

Don Bosco hakuishia kwenye michezo. Alitambua kwamba kijana huharibikiwa pia kazini. Aliwatembelea vibarua wake katikati ya juma, mahali walipojenga. Aliwaandikia mikataba ya uanagenzi. Ipo inayohifadhiwa hadi leo ya miaka ya 1851 na 1852. Bwana wa kazi alijifunga kumfundisha kijana ufundi, kumrekebisha kwa maneno na si kwa kipigo, kumpa kazi za ufundi wake tu, na kumwachia siku za sikukuu. Kuanzia mwaka 1853 alifungua karakana zake mwenyewe: ushonaji viatu na nguo, kujalidi vitabu, useremala, uchapaji. Aliendesha shule ya jioni, na serikali ilipobadilisha vipimo kuwa vya mita na kilo, aliandika kitabu kidogo cha kuwafundisha wanyonge vipimo hivyo wasidanganywe sokoni.

Mfano mmoja unatuonyesha alivyofanya kazi na mtoto mmoja mmoja. Mwaka 1857, jioni ya ukungu, alikuwa kituo cha reli cha Carmagnola akingoja treni ya Torino. Kundi la wavulana lilikuwa likicheza kwa makelele, likiongozwa na mmoja aliyetoa amri kama jenerali. Don Bosco alijiingiza katikati ya mchezo. Wengine walikimbia, jenerali akabaki amesimama imara. Ndiye Michele Magone, mvulana wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, aliyefiwa na baba, ambaye alikiri kwamba kazi yake ni kukaa bure. Don Bosco hakumhubiria. Alimwuliza maswali machache, akaona kwamba kijana mwenyewe anaiogopa njia anayoiendea, akampa medali ya Bikira Maria ampelekee paroko msaidizi wa pale. Kwanza alitaka kupata habari zake. Kisha akamwita Valdocco.

Magone hakugeuka malaika kwa siku moja. Alitukana, alicheka sana, alikimbia uwanjani kama risasi. Don Bosco alimpa mwenzake mmoja mwema wa kuwa karibu naye na kumkumbusha kirafiki kila neno baya linapomtoka. Baada ya majuma kadhaa uchangamfu wake ulizimika. Aliwatazama wenzake wakisali akajisikia amebaki nje. Don Bosco aliona. Alimwita, akamwuliza kinachomsumbua, lakini hakumlazimisha kuungama. Alimsaidia kujiandaa na akangoja, na kijana alikuja mwenyewe. Furaha yake ilirudi ikiwa na mizizi. Alifariki kwa ugonjwa mwezi Januari 1859, na Don Bosco aliandika habari za maisha yake, kama alivyomwandikia Dominiko Savio, mwanafunzi mwingine wa nyumba ile, ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1954.

Mwaka 1877, Wasalesiani walipofungua nyumba mjini Nice, Ufaransa, Don Bosco aliandika kwa ufupi njia yake ya malezi. Alitofautisha njia mbili. Ya kwanza hutangaza sheria, hungoja mkosaji, humwadhibu. Aliikubali kuwa ni rahisi na haimchoshi mlezi. Ya pili, aliyoiita ya kuzuia, hutangaza sheria vile vile, lakini mlezi hukaa kati ya vijana kama baba, akizungumza, akiongoza, akionya kwa upendo, hata nafasi ya kosa yenyewe inapungua. Sababu aliyoitoa ni ya mtu anayewajua vijana. Mtoto wa umri ule ni msahaulifu. Anapotenda kosa mara nyingi hakumbuki sheria wala adhabu, na angeliacha kama sauti ya rafiki ingemwonya dakika ile. Askari hufika baada ya dakika hiyo; mlezi wa kweli yupo pale pale.

Njia hiyo aliijenga juu ya nguzo tatu: akili, dini na upendo unaoonekana. Akili, maana yake kijana aelezwe sababu ya sheria. Dini, maana yake Kitubio na Ekaristi viwe wazi mbele yake, bila kumlazimisha. Upendo, maana yake uwanja wa michezo, muziki, maigizo na matembezi visionekane kupoteza muda. Kipigo alikikataza. Adhabu ya kudhalilisha mbele ya wengine aliikwepa. Alisema kwamba kwa kijana anayejua kuwa anapendwa, hata jicho la mlezi lisilo na tabasamu ni adhabu tosha.

Je, njia hii ilifaulu daima? Hapana. Wapo vijana aliolazimika kuwarudisha makwao kwa sababu waliwaharibu wengine. Na mwaka 1884, akiwa mzee na yupo Roma, aliandika barua ya uchungu kwa nyumba yake ya Valdocco. Aliona kwamba walezi wapya walikuwa wachapakazi, lakini wakati wa mapumziko walisimama pembeni wakizungumza wao kwa wao, na vijana hawakuwafungulia tena mioyo. Aliwakumbusha kwamba haitoshi kuwapenda vijana. Ni lazima vijana wenyewe watambue kwamba wanapendwa. Hata nyumba ya mtakatifu ilianza kupoa mara walezi walipoondoka uwanjani.

Don Bosco alifariki alfajiri ya tarehe 31 Januari 1888. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu siku ya Pasaka mwaka 1934, na mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II alimpa jina la Baba na Mwalimu wa Vijana. Shirika alilolianzisha tarehe 18 Desemba 1859 lilianza na wavulana wake mwenyewe wa Oratorio. Mmoja wao, Michele Rua, aliyefiwa na baba utotoni, akawa mrithi wake. Pamoja na Mtakatifu Maria Domenica Mazzarello alianzisha mwaka 1872 shirika la masista kwa ajili ya wasichana. Wasalesiani walifika Lubumbashi mwaka 1911, na tangu mwaka 1980 wapo Tanzania na Kenya, ambako vyuo vyao vya ufundi vinajulikana.

Uwanja wetu ni upi?

Tukirudi kwetu, tukiri jambo moja. Tunawafahamu watoto wetu vizuri hadi siku ya Kipaimara. Wanahudhuria mafundisho, tunaandika majina yao, Askofu anakuja, tunapiga picha. Juma linalofuata wengi hatuwaoni tena, na ni katika miaka hiyo hiyo ndipo utoro, bangi, pombe na makundi mabaya huwatafuta. Shuleni nako, kijana mara nyingi huitwa na mwalimu siku aliyokosa tu, na nyumbani baba huzungumza naye siku taarifa ya shule ilipokuja mbaya. Tunafika baada ya dakika ile.

Don Bosco hatudai fedha tusizokuwa nazo. Alianza na sakristia, Salamu Maria na mluzi. Mzazi anaweza kuanza na maneno machache ya upole kabla ya mtoto kulala, kama Margherita, ambaye hakwenda shule. Mwalimu anaweza kutumia dakika kumi za mapumziko akiwa uwanjani badala ya ofisini, na kumpa mtoto msumbufu mwenzake mwema wa kutembea naye. Parokia inaweza kufungua uwanja wake Jumapili alasiri na kumweka mtu mzima mwaminifu hapo, anayejua majina. Nasi waseminari, tunapokwenda likizo au mwaka wa kichungaji, tujichunguze: kijana akituona tunakuja, anakuja kwetu au anatawanyika?

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee wetu. Don Bosco angekubali, ila angetukumbusha kwamba mkono unaokunja lazima uwe wa mtu aliyepo, na wenye upole. Katika parokia yako leo yupo Bartolomeo mmoja amesimama mlangoni, hajui kutumikia, hajui kuimba. Kabla ya mtu mwingine hajamwita kwa kazi nyingine, tumwite sisi.

Mtakatifu Yohane Bosco, Baba na Mwalimu wa Vijana, utuombee.